Adui wa Sinema Hupewa Bunduki, Hunyimwa Ulimi

Miongoni mwa mambo ambayo sisi walimu wa lugha tumeyapuuza kwa muda mrefu ni sinema. Tunafundisha riwaya, tamthilia na ushairi; tunawataka wanafunzi wachambue maudhui na wahusika; kisha jioni wanafunzi wale wale hujitazamia, katika simu na runinga, hadithi ambazo hapana mwalimu aliyewafunza kuzihoji. Na hadithi hizo, hususan zile za vita na ugaidi, zina uwezo wa kumfunza mtu ni nani wa kumwogopa kabla hajakutana naye.

Nasema hivi kwa sababu ya kisa kilichotokea darasani mwangu miaka michache iliyopita. Nilikuwa nikifundisha somo la lugha na jamii, nikawaonyesha wanafunzi sehemu ya filamu ya Kimarekani iitwayo Black Hawk Down, inayosimulia mapigano ya Mogadishu ya mwaka 1993. Nia yangu ilikuwa ya kitaaluma: nilitaka wahesabu ni wahusika wangapi wa Kisomali wanaopewa nafasi ya kusema sentensi kamili. Taa zilipowashwa, kijana mmoja wa viti vya nyuma alimgeukia mwenzake atokaye Wajir, akamwuliza kama wale ni wajomba zake. Darasa likaangua kicheko. Nami, naungama, nilitabasamu. Kijana wa Wajir hakujibu. Alikusanya vitabu vyake akatoka, na wiki iliyofuata hakuonekana.

Kicheko kile nimekitafakari mara nyingi, kwa maana nilikitambua. Nilikuwa nimecheka vivyo hivyo utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika mji mdogo nilikokulia, palikuwa na nyumba ya mabati nyuma ya soko ambamo tulilipa sarafu chache ili kutazama video siku za Jumamosi. Mhusika mkuu tulimwita staringi, na kanuni ya kwanza tuliyoijua ni kwamba staringi hafi. Waliosalia walikuwa maadui. Katika Rambo III, iliyotolewa mwaka 1988, maadui walikuwa Warusi. Hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Mrusi, na nchi yao hatukuweza kuionyesha katika ramani. Lakini tuliwachukia kwa dhati, tukashangilia kila helikopta yao ilipolipuka. Walipozungumza hatukusikia maneno, tulisikia makaripio tu. Wale wenye vilemba na ndevu waliompokea Rambo katika milima ya Afghanistan walikuwa marafiki zetu, na filamu yenyewe inamalizika kwa maandishi ya kuwatunukia watu wa nchi hiyo.

Miaka 13 baadaye, Oktoba 2001, ndege za Marekani zilianza kuishambulia Afghanistan, na mwenye kilemba na ndevu akahamishwa upande wa pili wa hadithi. Mavazi yalikuwa yale yale, na milima ile ile. Kilichobadilika ni hofu ya mtengenezaji.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa walimu wenzangu walizingatie. Filamu ya vita haitupi habari nyingi kuhusu adui ambaye inamtaja. Hutupa habari za kutosha kuhusu mtu aliyeitengeneza, na ni nini kilichomgutusha usingizini mwaka ule. Na kwa mtu wa taaluma yangu, hofu hiyo ina alama moja iliyo wazi kuliko zote, nayo ni lugha. Tazama ni nani anayepewa sentensi iliyokamilika, ni nani anayetafsiriwa, na ni nani anayeachwa apayuke tu.

Si kila filamu inayoitaja hofu yake kwa jina. Wajapani walipoitoa Gojira mnamo Novemba 1954, watoto waliona jitu la baharini likiikanyaga Tokyo. Wazazi wao waliona jambo jingine. Hiroshima na Nagasaki zilikuwa zimeteketezwa miaka tisa tu kabla yake, na mnamo Machi 1 mwaka huo huo wa 1954 Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa mashua ya Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao alifariki Septemba. Jitu la filamu hiyo linaamshwa na majaribio ya bomu kama lile. Mwanamke mmoja, abiria wa gari-moshi, analalamika kwamba alinusurika Nagasaki na sasa yamemkuta tena. Wamarekani walipoinunua filamu hiyo na kuitoa upya mwaka 1956, walimpachika ndani yake mwanahabari wa Kimarekani, aliyeigizwa na Raymond Burr, ili asimulie mambo kwa Kiingereza. Na lile lalamiko la Nagasaki likaondolewa. Katika sehemu kadha Wajapani wanazungumza kwa lugha yao na mtazamaji hapewi ila muhtasari. Jitu lilibaki na meno yake yote. Kilichokatwa ni ulimi wa walioumizwa.

Hofu hii, fauka ya hayo, hujua kufanya biashara. Mwaka 1984 Red Dawn iliwaonyesha Warusi na Wakuba wakiivamia Marekani, na vijana wa shule huko Colorado wakikimbilia milimani kupigana nao. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya, wavamizi waliwekwa kuwa Wachina. Kisha, kabla haijatolewa mwaka 2012, wenye mali walikumbuka kwamba Uchina ni soko kubwa la sinema. Basi bendera na nembo zikabadilishwa kwa kompyuta, mazungumzo yakarekebishwa, na waigizaji wale wale, kwa nyuso zile zile, wakageuka kuwa Wakorea Kaskazini. Nadhani hapana ushahidi bora kuliko huu kwamba katika sinema za namna hii utaifa wa adui ni koti tu la kuvaliwa.

Lakini turejee kwenye suala la ulimi. Katika True Lies ya mwaka 1994, iliyoongozwa na James Cameron, mna tukio ambalo mimi hulionyesha kila mwaka. Kiongozi wa magaidi wa Kiarabu, Salim Abu Aziz, anasimama mbele ya kamera ya video kuieleza Marekani sababu zake. Anataja wanawake na watoto waliouawa na mabomu yaliyorushwa kutoka mbali, na kuuliza ni nani hasa wa kuitwa gaidi. Ni sentensi nzito. Mtazamaji angeweza kuzikataa, lakini angalau angezisikia. Kabla hajamaliza, betri ya kamera inaisha. Mshika kamera anatetemeka, hajui jinsi ya kumwambia. Ukumbi mzima hucheka. Hotuba pekee ya kisiasa aliyopewa adui katika filamu nzima imekatwa kwa mzaha wa betri, na hapana anayekumbuka kwamba swali liliulizwa. Mtaalamu Jack Shaheen, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alichunguza filamu zaidi ya 900 zinazowahusu Waarabu, na waliochorwa humo kama watu wa kawaida walikuwa haba mno.

Hapa msomaji ana haki ya kunikatiza. Atasema kwamba ugaidi si hekaya iliyobuniwa Hollywood, na atakuwa amesema kweli. Sisi tuliona Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa jijini Nairobi, siku moja na ule wa Dar es Salaam, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao Wakenya. Tuliona Westgate mwaka 2013. Tuliona Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu, wengi wao wakiwa wanafunzi wa umri wa hao ninaowafundisha. Hofu yetu haikununuliwa katika duka la video. Ndiyo maana nasema ni muhimu zaidi tujue ni hofu ya nani tunayoitazama, yetu au ya watu wengine. Miezi mitatu tu baada ya mlipuko wa Nairobi, Marekani ilitoa The Siege, ambamo baada ya mashambulizi ya mabomu jeshi linaitawala Brooklyn na vijana wa Kiarabu wanafungiwa katika uwanja wa michezo. Wengi waliiona kuwa imetia chumvi. Mwaka 2002 kambi ya Guantanamo ilifunguliwa.

Na zaidi ya hayo, sisi Wakenya tumewahi kukaa upande ule mwingine wa sinema. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba gaidi wa kwanza wa Kikenya kutishia watazamaji wa London hakuwa Msomali. Mwaka 1955, Hali ya Hatari ikiwa ingali inaendelea, Waingereza walitoa filamu iitwayo Simba, Dirk Bogarde akiwa staringi. Inaanza hivi: Mwafrika anapita njiani kwa baiskeli na kumkuta Mzungu aliyejeruhiwa akiomba msaada. Anashuka. Mtazamaji anadhani atamsaidia, naye anachomoa panga na kummaliza. Baadaye kuna mikutano ya aina mbili. Walowezi hukutana mchana, ndani ya nyumba, wakazungumza kwa zamu, wakapingana na hata kukosoana. Mau Mau hukutana usiku, penye moto, na kinachosikika ni mayowe. Mtaalamu wa filamu Richard Dyer alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1988: upande mmoja una hoja, upande mwingine una kelele. Mwafrika anayeruhusiwa kusema Kiingereza fasaha ni daktari, Karanja, na yeye yu upande wa walowezi.

Filamu hiyo niliitazama usiku mmoja peke yangu, katika kompyuta, nikiwa tayari mtu mzima mwenye shahada tatu. Kaka mkubwa wa mama yangu alikaa kizuizini Manyani. Alikuwa mpole, mpenda mzaha, na hakuna aliyemshinda kwa methali. Nilimtafuta katika kile kiza cha Simba nisimwone. Niliona midomo iliyofunguka tu. Walowezi wa Kizungu waliouawa na Mau Mau katika miaka yote ya Hali ya Hatari walikuwa 32. Walionyongwa kwa hukumu za mahakama za serikali ya kikoloni walikuwa zaidi ya 1,000. Filamu ilijua ni hofu ipi ya kuijali. Lau kuna mtu aliyekuwa ameketi nyuma yangu usiku ule na kuniuliza kama wale ni wajomba zangu, ningelazimika kuitikia.

Lugha yenyewe hushirikiana na mambo haya. Neno gaidi, ambalo leo tunalitumia kana kwamba limekuwa na maana hiyo hiyo tangu Adamu, zamani lilikuwa jina la mnyang'anyi wa njiani, jirani yake haramia na jambazi. Shifta nalo, lililoingia katika magazeti yetu miaka ya sitini, lilianza kwa maana ya mwizi wa porini, likaishia kubandikwa jamii nzima ya kaskazini mashariki, mpaka mchungaji wa ngamia akawa shifta kwa kuzaliwa tu. Sinema haikuyazua majina hayo. Iliyapa sura, na sura hukaa akilini muda mrefu kuliko neno.

Sasa naweza kurudi Mogadishu. Black Hawk Down, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa Desemba 2001, miezi mitatu na kitu tangu majengo ya New York yaanguke. Mapigano yenyewe, ya Oktoba 3 na 4, 1993, yaliua Wamarekani 18 na Wasomali mamia kadha. Wapo wanaokadiria kwamba walizidi elfu. Wale 18 filamu inawafahamu vizuri. Wana majina yaliyoandikwa hata kwenye helmeti zao. Wasomali ni umati unaokimbia. Picha zilipigwa Moroko, katika miji ya Rabat na Salé, na waliopewa sehemu kubwa za Kisomali hawakuwa Wasomali: Osman Atto aliigizwa na George Harris, na Firimbi (jina ambalo Mswahili hahitaji mkalimani wa kumweleza) aliigizwa na Treva Etienne, Mwingereza. Huyu Firimbi ni mmoja wa Wasomali wachache mno wanaokaa chini wakazungumza. Anazungumza Kiingereza, na anachopewa kusema, mbele ya rubani aliyetekwa, ni kwamba katika Somalia kuua ndiko kujadiliana.

Kwa hiyo adui akipewa ulimi hutakikana autumie kuthibitisha tuliyokwisha kuyadhani. Hii ni hila ya juu kuliko kumnyamazisha.

Sitaki kudai kwamba hapana kilichobadilika. Captain Phillips ya mwaka 2013 inahusu meli ya Maersk Alabama iliyotekwa Aprili 2009 ikiwa safarini kuja Mombasa. Kiongozi wa maharamia aliigizwa na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Minneapolis, ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla ya hapo. Maharamia wanazungumza Kisomali halisi, wanabishana, wanataja wakubwa wanaowadai fedha. Abdi alipata tuzo ya BAFTA mwaka 2014. Hata hivyo miaka miwili baadaye, katika Eye in the Sky, niliona Nairobi yangu ambayo siijui: mtaa ulio mikononi mwa wanamgambo wenye bunduki juu ya magari, na ndege isiyo na rubani ikielea angani huku wakubwa wa London na Marekani wakijadiliana kama walirushe kombora, ilhali msichana mdogo anauza mkate kando ya ukuta. Ni filamu yenye akili, na swali lake kuhusu msichana yule ni la dhati. Lakini ilitengenezwa Afrika Kusini, na Nairobi yake ni ya mtu aliyeisoma katika ripoti ya ujasusi. Waliopewa hoja ndefu wako London.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Gillo Pontecorvo alionyesha mwaka 1966 katika filamu yake ya vita vya Algiers. Humo wanawake wa Kasba wanapeleka mabomu kwenye mikahawa ya Wafaransa, na kamera inakaa kwanza juu ya nyuso za watakaokufa, hata mtoto anayelamba aiskrimu. Kanali wa Kifaransa naye anaeleza, kwa utulivu na mantiki ya kutisha, kwa nini anatesa watu. Kila upande una ulimi, na hapana upande unaosamehewa.

Kijana wa Wajir alirudi wiki ya tatu. Nilimwita ofisini nikamwomba radhi kwa lile tabasamu. Alisema, "Hakuna neno, mwalimu," kwa sauti ambayo Mkenya yeyote anajua kwamba neno lipo. Kisha akasema kwamba si mzaha uliomkera zaidi. Alikuwa ametega sikio filamu nzima akingoja asikie matamshi ya kwao, asiyasikie. Nikamwomba achague filamu ya kipindi kinachofuata.

Alileta Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg wakiongozwa na Katja Benrath, pamoja na waigizaji wa Kenya. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Inazungumza Kiswahili na Kisomali. Kabla ya kuionyesha nililazimika kuwakumbusha wanafunzi, maana wengine walikuwa wadogo. Novemba 22, 2014, wanamgambo walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa kuwataka wasome maneno ya dini ya Kiislamu, wasioweza waliuawa. Walikuwa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizoni. Wanaosoma Biblia wanakumbuka neno Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi: mtu kuuawa kwa sababu ya sauti moja iliyomshinda kinywani. Desemba 21, 2015, basi jingine likasimamishwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Waliwapa wanawake Wakristo vitambaa vya kujifunika, wakasema wauawe wote au waachwe wote. Mmoja wa waliokataa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Salah Farah. Alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016.

Filamu ni ya dakika ishirini na ushei. Wanamgambo wamo, na bunduki zao zimo. Lakini kabla yao wamo abiria wanaosinzia, wanaogombania madirisha, wanaotazamana kwa shaka. Mwanamke Mkristo aliyefiwa anakataa hata maji ya jirani yake. Shaka hiyo haifichwi. Wakenya wanaitambua tangu kwenye kituo cha basi. Kijana wa Wajir alisimama kando ya ukuta akitufasiria yale ambayo maandishi ya chini yalikuwa yameyafupisha, mara nyingine akisimamisha picha ili aeleze kwa nini mzee fulani alitumia neno hili badala ya lile. Sikumwona amekuwa na maneno mengi hivyo tangu muhula uanze.

Ilipomalizika hapana aliyecheka, wala aliyepiga makofi. Yule kijana wa viti vya nyuma ndiye aliyevunja kimya, akauliza jina la mwalimu linavyotamkwa hasa Kisomali. Mwenzake akaliandika ubaoni: Saalax. Akaeleza kwamba katika hati ya Kisomali iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, herufi x ni ile ha nzito itokayo kooni, ambayo Waswahili wa pwani waijuao Kiarabu huitamka bila taabu. Kijana akajaribu, ikatoka ha nyepesi. Akajaribu tena, ikatoka kha. Darasa zima likaingilia, kila mtu na koo lake, na wenzao wa kipindi kilichofuata walipoanza kugonga mlango walikuwa wangali wakilitamka jina lile, na yeye akizunguka kati ya viti akiwasahihisha.